Bandama, Masikio na Mazoezi: Kinachomfikisha Mzamiaji Kilindini

Mwaka 2018 Melissa Ilardo na wenzake walichapisha katika jarida la Cell uchunguzi wao juu ya Wabajau wa Sulawesi, Indonesia, wanaozamia samaki tangu enzi za mababu bila mitungi ya hewa. Bandama zao zilizidi za jirani zao Wasaluan kwa takriban asilimia 50. Mtu anapozama, bandama hujikunyata na kumwaga seli nyekundu katika mzunguko wa damu, na oksijeni huongezeka. Hata Wabajau wasiozamia walikuwa na bandama kubwa. Kwa hiyo chanzo hakikuwa mazoezi. Tofauti hiyo ilihusishwa na jeni la PDE10A.

Wapo waliougeuza utafiti huo kuwa hukumu: asiyezaliwa na mwili wa kuzamia asijisumbue. Hukumu hiyo naipinga, maana inakifanya kiungo kimoja kisemee mwili mzima.

Chukua macho. Mwaka 2003 Anna Gislén alionyesha kwamba watoto wa Wamoken wa Thailand huona chini ya maji kwa ubora unaozidi mara mbili ule wa watoto wa Ulaya, kwa kufinya mboni. Ungedhani ni urithi, lakini baadaye watoto wa Ulaya waliofundishwa waliupata uwezo huohuo. Kwa haenyeo, wanawake wazamiaji wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, mambo mawili yamekutana. Utafiti wa 2025 ulikuta kwa wakazi wa Jeju, wazamiao na wasiozamia, tofauti ya kijenetiki inayohusiana na shinikizo la damu wakati wa kuzama. Mapigo ya moyo, hata hivyo, yalipungua zaidi kwa haenyeo wenyewe kuliko kwa wenzao wa kisiwani wasiozamia, na hilo ni tunda la mazoezi.

Hata mapafu, ambayo wengi huyataja kwanza, yamewahi kuwadanganya wataalamu. Waliokokotoa kikomo cha kina kutokana na ujazo wake waliamini kifua kingepondwa. Robert Croft wa jeshi la majini la Marekani alikipita kikomo hicho, akafika takriban mita 73 mwaka 1968. Ikabainika kwamba damu huhamia kifuani na kuziba nafasi iliyoachwa na hewa iliyobanwa.

Anayeanza, kwa kweli, hukwamishwa na masikio. Katika mita 10 hewa hubaki nusu ya ujazo wake, na asiyejua kuyazibua hugeuka mapema, awe na kifua kipana namna gani. Kusukuma hewa kwa ulimi huku koo limefungwa ni ufundi wa kujifunza, hauna uhusiano na kimo wala uzito. Mwenye mafuta mengi huelea zaidi. Hilo hurekebishwa kwa mkanda wa vyuma. Natalia Molchanova wa Urusi, aliyekuwa mwogeleaji ujanani, alianza kuzamia akiwa na miaka takriban 40, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupita mita 100 kwa nguvu zake mwenyewe.

Mazoezi nayo yana mpaka, na hapa maumbile hudai haki yake. Hamu ya kuvuta pumzi huletwa hasa na hewa ya ukaa, na mtu anaweza kujizoeza kuivumilia. Uvumilivu huo haumwongezei akiba ya oksijeni. Aliyeunoa sana huweza kupoteza fahamu bila onyo, hasa katika mita za mwisho za kupanda, shinikizo linapopungua na oksijeni ya mapafuni ikashuka ghafla. Kwa hiyo huyo ndiye anayehitaji zaidi mwenzi wa kumwangalia majini.