Kibanja na Konde la Mtama: Habari za Mvinyo wa Karagwe

Mtu akitaja mvinyo mwekundu mbele ya Watanzania, mawazo ya wengi hukimbilia Dodoma. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na aina moja nyekundu imepewa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Hatuna ugomvi na sifa hiyo. Walakini mzabibu wa Dodoma ni mgeni wa jana, ulioletwa na wamisionari katika karne ya 20. Nao watu wa Karagwe walikuwa na mvinyo wao, mwekundu wa kahawia, wa kuchanganya mazao mawili, zamani sana kabla ya mzabibu huo kutia mzizi. Siku hizi viwanda vya mvinyo vikitoa kinywaji kipya cha kuchanganya hukitangaza kwa jina la shamba la kale. Yafaa basi tuulize katika Karagwe shamba hilo la kale ni lipi, na mchanganyiko wenyewe ni wa nini na nini.

Nchi tunayoisema leo ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde, nao mto Kagera waizunguka upande wa Rwanda na upande wa Uganda. Wenyeji wake ni Wanyambo, na pamoja nao wamo Wahaya wengi waliohamia kutoka pande za Bukoba. Watu hawa huigawa ardhi kwa namna ambayo mgeni haioni mara moja. Kwanza kuna kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba, lenye kahawa na maharage chini ya kivuli. Hulishwa samadi, majani na taka za jikoni, hurithiwa na mtoto kwa baba, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Nje ya kibanja ni rweya, mbuga ya majani, malisho ya ng'ombe. Na katika rweya hiyo hukatwa konde la muda, omusiri, linalolimwa msimu mmoja au miwili kisha huachwa lipumzike. Kwa desturi kibanja kilihesabiwa kuwa cha mwanamume na ukoo wake. Omusiri ulikuwa kazi ya jembe la mwanamke. Msomaji na aukumbuke mgawanyo huu, maana ndani yake ndimo ilimo habari yetu.

Kinywaji chenyewe ni rubisi. Hutengenezwa hivi. Mikungu ya ndizi za pombe, ziitwazo embiire, hukatwa ikiwa imekomaa, ikatiwa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya migomba na udongo, au ikawekwa juu ya dari ya jikoni ipate joto la moshi. Baada ya siku nne, tano au sita, kwa kadiri ya baridi ya mahali, ndizi huwa zimeiva sawasawa. Humenywa na kutiwa katika gogo kubwa lililochongwa mfano wa mtumbwi. Na kweli jina lake ni obwato, yaani mtumbwi. Humo hukandwa kwa mikono, au hukanyagwa kwa miguu, pamoja na nyasi ngumu, mpaka maji yake yatoke na makapi yashikwe na nyasi. Maji hayo ni matamu mno, na watoto huyangoja kwa vibuyu vyao. Kisha huongezwa maji ya kisima kwa kipimo, huchujwa, na hapo ndipo unapoingia mtama: mtama mwekundu, uliokaangwa na kusagwa kwa ukubwaukubwa. Obwato hufunikwa kwa majani ya migomba, na kwa kuwa mchachuko huanza upesi, kesho yake rubisi hunyweka. Kesho kutwa huwa kali. Siku inayofuata huelekea kuwa siki.

Mtu asiyeijua kazi hii atasema kwamba ndizi ndiyo pombe na mtama ni kiungo tu, kama chumvi katika mchuzi. Amekosea. Ndizi hutoa utamu, na utamu ndio unaogeuka kuwa kileo. Lakini rangi ile ya udongo mwekundu, povu, na ukakasi unaoshika ulimi na kuzuia utamu usichoshe, hivyo vyote ni vya mtama. Bila mtama una maji ya ndizi yaliyochachuka, meupe, mepesi. Kwa hiyo katika kila kibuyu cha rubisi yalikutana mashamba mawili: kibanja kisichohama na konde linalohamahama, urithi wa baba na jembe la mama. Nionavyo mimi, hilo ndilo linaloifanya rubisi iwe na historia, maana mashamba hayo mawili hayakupata kubadilika kwa mwendo mmoja.

Ushahidi wa maandishi waanza na wageni. Richard Burton hakufika Karagwe, ila alipokuwa Kaze, karibu na Tabora ya leo, katika miaka ya 1857 na 1858, alisikia habari za nchi hiyo kwa wafanyabiashara Waarabu. Waliofika kwa macho yao ni John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliopokewa na Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alikuwa akiugua mguu, akalazimika kubaki mpaka Aprili. Na kwa msomaji wa historia ugonjwa ule ulikuwa bahati. Speke alikuwa na haraka ya chanzo cha Nile. Grant hakuwa na pa kwenda, tena alikuwa mtu wa kupenda mimea, basi aliketi akatazama yaliyo karibu naye. Katika kitabu chake cha mwaka 1864 alieleza jinsi ndizi mbivu zilivyokandwa kwa nyasi ndani ya gogo lililochimbwa na kuchanganywa na mtama uliounguzwa. Kinywaji hicho wageni walikiita marwa, wakakitafsiri kwa lugha yao kuwa mvinyo. Neno lenyewe ni amarwa, na Wanyambo bado wanalo. Kwa hiyo sisi tunaoita rubisi mvinyo hatukuanza kuitukuza. Neno letu mvinyo nalo tulilipata kwa Wareno, wala halikuzaliwa na zabibu za kwetu.

Wageni hao waliona pia kwamba nyumba ya mfalme haikuishi kwa ndizi. Chakula cha heshima kilikuwa maziwa, na habari za wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa zilienea Ulaya nzima, kwa sababu Speke alimpima mmoja wao kwa utepe na kuandika vipimo vyake. Kisa hicho kimesimuliwa kupita kiasi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba dola ya Bahinda ilisimama juu ya ng'ombe, na pombe ilitoka kwa wakulima kwenda juu, kuwa ushuru na zawadi. Mfugaji na mkulima walikutana penye kibuyu na mrija hata pale ambapo hawakuoana.

Kisha ikaja sotoka, miaka ya mwanzo ya 1890, ikafagia ng'ombe wa Maziwa Makuu. Ndui ilikuwapo pia, na baadaye mbung'o wakaenea katika mbuga zilizokosa mifugo. Nchi ya malisho ilidhoofika, na katika karne ya 20 migomba ikasonga mbele, ikichukuliwa na wenyeji na Wahaya waliohama kutafuta ardhi. Kahawa ilipandwa chini yake na kuleta fedha za kodi. Vibanja vingi tunavyoviona leo Kyerwa, ambavyo mpita njia hudhani ni vya tangu na tangu, vilizaliwa katika mwendo huo. Shamba la kale, basi, lina umri wa namna mbili: namna ya kulilima ni ya kale, lakini udongo wake mahali pengi ulikuwa rweya zamani za babu.

Serikali nayo iliitazama pombe kwa jicho lake. Sheria ya mwaka 1966 iliihusu pombe ya moshi, na ya mwaka 1968 vileo kwa jumla, ikitaka leseni na saa za kuuza. Rubisi ilibaki halali, lakini rubisi iliyopikwa na kukamatwa mvuke wake, ambayo wenyeji huiita enkonyagi, ikawa ya kufichwa migombani. Jina hilo ni neno Cognac, la mji wa mizabibu wa Ufaransa, lililofika mpaka kwenye pipa la bati la Karagwe bila zabibu hata moja.

Katika miaka hii ya karibuni kibanja kimepata adui. Ule mnyauko unaoletwa na bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, ukaingia Kagera miaka michache baadaye. Huchukuliwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na kwa visu na mapanga. Ndizi za pombe za ABB, ziitwazo kayinja upande wa Uganda, ndizo zinazopatwa upesi zaidi kwa njia ya ua. Dawa haipo, mkulima hung'oa mgomba, hukata ua kwa kijiti chenye panda, hupitisha kisu motoni. Kabla ya hapo, toka 1997, mradi wa maendeleo wa Kagera uliosaidiwa na Ubelgiji ulikuwa umekwisha kuleta migomba mipya ya FHIA, yenye mikungu mikubwa ajabu. Wengi hawakuipenda sufuriani, wakaipeleka kwenye obwato. Kwa hiyo upande wa ndizi mchanganyiko umebadilika mbele ya macho yetu, bila tangazo.

Upande wa mtama umebadilika kimya zaidi. Rweya imepimwa, imepandwa miti, imefungwa kwa uzio. Mwanamke aliyekuwa na omusiri hana tena pa kuuhamishia. Hununua mtama sokoni kwa kikombe, na akiona bei imepanda, hupunguza kipimo. Wanywaji hulalamika kwamba rubisi haina rangi, wakawalaumu wapishi kwa uvivu.

Mvinyo wa ndizi wa chupa nao upo nchini. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha imeutengeneza tangu miaka ya 1990, na wajasiriamali wa Kagera wamejaribu njia hiyo hiyo. Wala si vibaya: chupa hukaa miezi, na rubisi haikai hata siku nne. Lakini kinywaji hicho aghalabu ni cha maji ya ndizi, hamira na sukari. Iwapo siku moja chupa itatoka Karagwe yenye picha ya kibanja na maneno juu ya mvinyo mwekundu wa mababu, mimi nitaigeuza nyuma kwanza, nisome kama mtama umo, na kama umo, ulilimwa wapi na nani.