Ukuta hubeba miaka mingi, kisha huanguka kwa sekunde chache



Wengi wetu tunakumbuka jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Kiasi cha saa tatu na nusu ya asubuhi, watu wakiwa kanisani, ardhi ilitetemeka Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9. Makumi ya watu walikufa, wengi wao upande wa Rwanda, na kati yao wamo walioangukiwa na kanisa wakiwa katika ibada. Miaka miwili na zaidi mbele ya hapo, tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lingine la 6.8 lilibomoa nyumba huko Kalemie.

Mara nyingi kinachoua si ardhi, ni ukuta. Ukuta wa matofali ya kuchoma usio na vyuma ndani hubeba paa miaka makumi bila shida. Basi kwa nini huanguka kwa sekunde chache? Swali hilo ni la zamani.

Mwaka wa 1675, Mwingereza Robert Hooke alieleza jambo moja: namna mnyororo unavyoning'inia, ukiugeuza juu chini unapata umbo la tao la mawe linalosimama vizuri. Mnyororo huvutwa tu. Mawe hubanwa tu.

Katika miaka ya 1740, kuba la kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma lilikuwa limejaa nyufa, na watu waliogopa litaanguka. Papa Benedikto wa 14 aliita wataalamu, na mmoja wao alikuwa Giovanni Poleni. Huyu alichukua kamba, akaitundikia vizito 32, kila kimoja kikiwa na uzito unaolingana na kipande chake cha kuba. Kisha akaligeuza umbo la kamba ile na kulilinganisha na mchoro wa kuba. Aliona kwamba njia ya mzigo inapita ndani ya unene wa mawe. Hata hivyo pete za chuma zilifungwa kulizunguka, na kuba linasimama hadi leo. Hapo tunajifunza kwamba si kila ufa ni kifo. Jambo la kuuliza ni kama mzigo bado una njia ya kushuka hadi chini.

Mwaka wa 1966, Jacques Heyman wa Cambridge aliiweka elimu hiyo katika maneno matatu: jengo la mawe halina nguvu ya kuvutwa, kubanwa halikuogopi, na mawe yake hayatelezi kwa urahisi. Miaka mitano baadaye, Peter Cundall alionyesha programu ya kompyuta kwa ajili ya miamba iliyopasuka. Ndani yake kila jiwe lilihesabiwa peke yake: linagusana na jirani, linateleza, linaachana naye. Wainjinia waliichukua njia hiyo wakaipeleka kwenye kuta za matofali. Haja ilionekana zaidi tarehe 17 Machi 1989, mnara wa zamani wa mji wa Pavia, Italia, ulipoanguka bila tetemeko lolote na kuua watu wanne. Uzito wake wenyewe ulikuwa umeuchosha polepole kwa karne nyingi.

Kompyuta inatuonyesha nini? Ukuta ukisukumwa kwa urefu wake, nyufa hupanda kama ngazi, zikifuata simenti au udongo kati ya matofali, na mara nyingi huanzia kwenye pembe za madirisha. Ukuta ukisukumwa kwa unene wake, huachana na wenzake kwenye kona na kulala nje mzima, kama mlango uliong'oka. Hiyo ndiyo njia inayoua haraka. Ule mshipi wa beto na vyuma unaozunguka juu ya kuta, ambao mafundi wetu huuita shenaje, huzishika kuta nne zitembee pamoja. Kazi yake inafanana na ile ya pete za Roma.

Lakini kompyuta hujibu kulingana na ulichoiambia. Ukisema matofali yameungwa kwa simenti nzuri, na kumbe ni udongo mtupu, itakupa jibu la nyumba isiyo yako. Kwa hiyo fundi anayegonga ukuta na kuchungulia kati ya matofali bado anahitajika.

Haya yanatuhusu leo. Mwezi wa 5, 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ilitetemeka Goma siku nyingi, watu wakahama, kisha wakarudi katika nyumba zenye nyufa. Familia nyingine za wahami hulala katika makanisa na masomo yaliyojengwa bila vyuma.

Ukifika mahali pa kulala, zunguka jengo. Angalia kona: je, kuta mbili zimeachana? Angalia ukuta wenyewe: je, umetoa tumbo? Angalia kama ufa wa ngazi unaongezeka. Weka alama ya kalamu kwenye ncha yake pamoja na tarehe, kisha urudi kuutazama. Usilaze watoto chini ya ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi kilele cha paa, kwa sababu mara nyingi ndiyo ya kwanza kuanguka. Kuta zikiachana au zikitoa tumbo, tokeni kwanza, kisha mwite fundi.

Na anayejenga upya, hata chumba kimoja, aanze kuhesabu shenaje mbele ya kuhesabu rangi ya ukuta.