Walioitika jezi ya Zanzibar

Jumapili ya Desemba 17, 2017, katika Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, Kenya walikuwa wameanza kuhesabu dakika za kunyanyua kombe. Bao la mapema la Ovella Ochieng lilikuwa limewaweka mbele, na fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati ilikuwa ukingoni. Hapo ndipo Khamis Musa wa Zanzibar aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Masoud Juma akaipa Kenya bao la pili, na kabla shangwe hazijatulia Khamis Musa akarudisha tena. Ikawa 2-2. Zikaja penalti, kipa Patrick Matasi akapangua tatu, na Kenya wakashinda 3-2.

Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya visiwani, walirudi nyumbani mikono mitupu, wakapokewa kama mabingwa. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, aliwaalika na kuwapongeza, na kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe jina la Khamis Musa likawa linatajwa kila kahawa inapomiminwa. Timu ile ilikuwa imeifunga Rwanda 3-1, ikaifunga Tanzania Bara 2-1, na katika nusu fainali kule Kisumu ikawatoa Uganda, mabingwa watetezi, kwa 2-1. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wanacheza ligi ya hapa hapa visiwani, ambako mshahara wa mpira ni mdogo na wengine hawaujui kabisa.

Jezi ile ina thamani gani sokoni? Haina. Mechi za Zanzibar haziingii katika orodha ya ubora ya FIFA. Hakuna mchujo wa Kombe la Dunia unaomsubiri mchezaji wa Heroes, wala fainali za Mataifa ya Afrika. Klabu hailazimiki kumruhusu, kwa kuwa kanuni za kuwaachia wachezaji zinawahusu wanachama wa FIFA peke yao, na Chalenji yenyewe haichezwi katika siku zilizotengwa na FIFA. Akivunjika mguu, ile bima ya FIFA inayozilipa klabu haimgusi. Kwa hiyo mchezaji wa Simba, Yanga au Azam anayeitika wito wa Zanzibar anakwenda kwa ridhaa yake na kwa hisani ya mwajiri wake. Mashabiki wa Unguja wanalijua hilo vizuri sana, na ndiyo maana swali lao la kwanza kuhusu nyota yeyote wa visiwani si amefunga mabao mangapi Dar es Salaam. Wanauliza: akiitwa, anakuja?

Swali hilo lina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Chama cha soka cha Zanzibar kinahesabu kuzaliwa kwake tangu 1926, kilipoanza kama chama cha michezo cha visiwani, enzi mechi kubwa zilipokuwa zinachezwa viwanja vya Mnazi Mmoja. Chama cha Tanganyika kilifuata 1930. Mwaka huo huo wa 1926 Kenya na Uganda walianza kugombea kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage. Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949. Kombe hilo la sabuni ndilo lililogeuka kuwa Chalenji ya leo. Kwa maneno mengine, timu ya taifa ya Zanzibar ilikuwa inakutana na majirani zake kabla ya uhuru wa nchi yoyote ya ukanda huu.

Kisha ukaja Muungano wa Aprili 26, 1964. Michezo haikuwekwa katika mambo ya Muungano, na mpaka leo haimo, kwa hiyo kila upande ulibaki na chama chake na ligi yake. Lakini uanachama wa FIFA uliopatikana mwaka huo ulikuwa wa chama cha Dar es Salaam. Tangu hapo Mzanzibari ana jezi mbili: ya Taifa Stars, timu ya Tanzania nzima, inayompeleka duniani, na ya Zanzibar inayomfikisha Kampala, Kigali au Machakos.

Hayakukosekana majaribio ya kuubadilisha mpangilio huo. FIFA ilikataa ombi la Zanzibar katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2006 timu ikaenda Hamburg, Ujerumani, kucheza mashindano ya nchi na visiwa visivyokuwa FIFA, pamoja na Tibet, Greenland, Gibraltar na Cyprus ya Kaskazini, wenyeji wakiwa klabu ya St. Pauli. Zanzibar ilifika fainali, ikatoka 0-0 na Cyprus ya Kaskazini, ikapoteza kwa penalti. (Penalti na sisi, kwa kweli, hatujaelewana.) Gibraltar, mji wa watu wasiofika 40,000, iliingia UEFA 2013 na FIFA 2016. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, bado iko mlangoni.

Machi 16, 2017 mlango ulifunguka kidogo. Mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, uliofanyika Addis Ababa uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55, siku ile ile Ahmad Ahmad wa Madagascar alipochaguliwa kuwa rais. Furaha hiyo ilidumu miezi minne. Julai mwaka huo, katika mkutano wa Morocco, Ahmad alieleza kwamba Zanzibar haikustahili kupokewa, kwa kuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na uanachama ukafutwa. Miezi mitano baadaye vijana wa Heroes wakafika fainali ya Machakos. Ukitaka kuelewa kwa nini timu iliyofungwa ilipokewa vile, anza na Julai.

Ushindi mkubwa kuliko wote ulikuwa umepatikana miaka 22 nyuma. Mwaka 1995 huko Kampala, Zanzibar ilitwaa Chalenji kwa kuifunga Uganda B 1-0 katika fainali, na hilo ndilo taji pekee la Chalenji iliyo nalo. Ulikuwa mwaka mgumu visiwani. Uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, uliofanyika Oktoba, uliwapasua watu katikati, matokeo ya urais wa Zanzibar yakatofautiana kwa kiasi kisichofika asilimia moja, na maskani za CCM na za CUF zikawa hazisalimiani. Wapo waliosusia harusi na hata mazishi ya jirani kwa sababu ya chama. Taji la Kampala lilikuwa la wote, na mwaka ule vitu vya wote vilikuwa vichache.

Katika kizazi kilichofuata, jina linalotajwa kwanza baraza linapozungumzia mapenzi ya jezi ni Nadir Haroub. Wachache wanamwita hivyo. Yeye ni Cannavaro, jina alilopewa kwa kufananishwa na beki wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia 2006, mwaka ambao Nadir alianza kuichezea Yanga. Alikuwa beki wa kati wa mtindo wa zamani: mpira wa juu ni wake, mshambuliaji anayeleta ujanja anajua kitakachompata, na kitambaa cha unahodha mkononi. Kitambaa hicho alikivaa Yanga, akakivaa Taifa Stars, akakivaa Zanzibar. Mwezi mmoja anawaongoza Watanzania wote, mwezi unaofuata anasimama mbele ya Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, wengine wakiwa wenzake wa klabu, akiwazuia wasifunge.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2012 mjini Kampala, mechi ya kutafuta mshindi wa tatu wa Chalenji. Zanzibar na Bara zilitoka 1-1, Zanzibar ikashinda penalti 6-5. Hiyo ni mara moja tulipoelewana nazo. Kilichofuata kinasikitisha. Wachezaji waligawana zawadi ya dola 10,000, chama kikasema fedha zile ni zake, na waliogawana wakafungiwa kucheza. Adhabu haikudumu, lakini kidonda kilibaki, na ninavyoona mimi hukumu ya mabarazani ilikuwa sahihi kuliko ya ofisini: anayecheza bila mshahara wala bima asinyimwe zawadi aliyoitolea jasho. Cannavaro aliendelea kuitika. Januari 2016, unahodha wa Taifa Stars ulipokabidhiwa Mbwana Samatta, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Cannavaro alitangaza kuachana na Stars. Wapo waliomlaumu kwa kuondoka kwa hasira. Hapa Unguja lawama hazikupata wateja wengi.

Jambo hili la jezi mbili si la kwetu peke yetu, ingawa wenzetu limewakalia vingine. Kisiwa cha Ireland kina timu mbili tangu mpira wake ulipogawanyika 1921, na zote mbili ni wanachama wa FIFA. James McClean, aliyezaliwa Derry, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1989, alichezea vijana wa chini ya miaka 21 wa Kaskazini, kisha akaamua kwamba moyo wake uko Jamhuri. Uamuzi huo ulimletea matusi na vitisho kutoka upande mmoja, na mapenzi makubwa kutoka upande wa pili. Mashabiki wa Jamhuri walimpenda kwa sababu hakuikimbia jezi ile hata alipokuwa hana namba katika klabu yake; Oktoba 2017 bao lake la pekee dhidi ya Wales huko Cardiff liliipeleka timu kwenye mechi za mtoano za kufuzu Kombe la Dunia. Alistaafu timu ya taifa Novemba 2023 akiwa na mechi 103.

McClean alilazimika kuchagua. Cannavaro hakulazimika, na sidhani kama shabiki wa Mji Mkongwe angemtaka achague. Nenda Jaws Corner siku Taifa Stars inacheza: wanaume wamekaa barazani hadi vichochoroni, vikombe vidogo vya kahawa vinapita, macho yote kwenye televisheni. Wanaishangilia Stars bila kinyongo. Lakini orodha ya wachezaji ikisomwa, kila jina la Mzanzibari linapata neno lake: huyu wa KMKM, huyu tulimwona Amaan akiwa mdogo, yule baba yake alicheza Malindi.

Desemba 30, 2025, kule Morocco, mmoja wa majina hayo aliandika historia ya nchi nzima. Feisal Salum, Fei Toto, alisawazisha dhidi ya Tunisia, mechi ikaisha 1-1, na Tanzania ikavuka hatua ya makundi ya fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza baada ya kushindwa 1980, 2019 na 2023. Wenyeji Morocco waliitoa katika hatua ya 16 bora kwa 1-0. Fei Toto alikuwemo katika kikosi cha Machakos, na Mudathir Yahya pia. Kocha wa Machakos, Hemed Suleiman, ambaye kwa jina la utani anaitwa Morocco, alipewa Taifa Stars Januari 2024 katikati ya fainali za Ivory Coast, na ndiye aliyeifuzisha kwa fainali hizo za 2025. Jezi isiyohesabiwa na FIFA imewalea watu wanaohesabiwa.

Kinachotisha ni kwamba nafasi za kuivaa zinapungua. Chalenji ya wakubwa ilichezwa mara ya mwisho 2019 mjini Kampala, na ile ya 2021 waliachiwa vijana wa chini ya miaka 23. Amaan, uwanja uliojengwa 1970 kwa msaada wa China, ulifunguliwa upya Desemba 27, 2023 kwa mechi ya Zanzibar na Kilimanjaro Stars iliyoisha 0-0. Uwanja mzuri, taa nzuri, viti vizuri, na timu ya taifa isiyo na ratiba. Ndiyo maana uamuzi wa kuyafanya Mashindano ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 2025 kuwa ya timu za taifa ulikuwa wa busara. Yalichezwa Gombani, Pemba. Heroes waliifunga Kilimanjaro Stars 1-0 katika mechi ya ufunguzi, na Januari 13 wakaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali. Safari hii penalti hazikuhitajika.

Ombi langu kwa ZFF, chama cha soka cha Zanzibar, ni moja, na halihitaji kibali cha FIFA wala cha CAF. Mechi 103 za McClean zinajulikana kwa sababu kuna daftari linalozihesabu. Mchezaji wa Zanzibar naye anastahili daftari lake, liwekwe wazi kila mtu alisome: jina, mechi, mabao, tarehe, mji, tangu 1949. Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, magazeti ya zamani yapo, na wachezaji wa zamani wapo mitaani kwetu. Kazi ianze na kikosi cha Kampala cha 1995, maana miaka 30 imeshapita.