Gari Jipya Pwani: Kuilinda Rangi na Chumvi, Jua na Kitambaa Kichafu

Kwa wengi wetu hapa Pwani, gari ndiyo mali kubwa baada ya nyumba. Hununuliwa kwa akiba ya miaka au kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Mkopo haujaisha, na tayari paa limepauka kama lililopakwa chokaa. Siku ya kuliuza, mnunuzi hulizunguka mara moja tu kisha akashusha bei. Ninavyoona mimi, kinachoiua rangi mapema si umri wa gari. Ni maji tunayolioshea na mkono unaoliosha, na yote mawili yako katika uwezo wa mwenye gari.

Rangi ina tabaka

Juu ya bati kuna tabaka la msingi, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka angavu ambalo mafundi huliita kliya. Mng'aro wote unatoka kwenye kliya hiyo, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 60 tu. Kila gari linapopigwa mashine ya polishi ili kuondoa mikwaruzo, kliya hupungua kidogo. Ikiisha hairudi, ila kwa kupaka rangi upya. Kwa hiyo msingi ni kuzuia mikwaruzo, si kuiondoa kila mara.

Maadui wetu

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini ya ikweta, na jua la mchana hupiga paa na boneti moja kwa moja. Upepo wa bahari nao hubeba chumvi hadi uani. Anayevuka feri ya Likoni kila siku hupata chumvi hiyo chini ya gari pia. Kisha kuna kunguru. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juani hula kliya kwa muda mfupi. Usikikwangue kikiwa kikavu. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika chache, kilainike, kisha kiinue taratibu.

Kivuli pia kina mitihani yake. Mwembe hudondosha utomvu, na majani na matunda ya mkungu huacha madoa. Turubai nalo ni jema ikiwa gari ni safi. Likifunikwa juu ya vumbi, upepo wa kusi hulipepesa na kuifanya kazi ya msasa.

Anza kwa kulikagua

Magari mengi tunayoyaita mapya yametumika Japani, kwani sheria ya Kenya inaruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8. Kuna yadi zinazoyapaka nta na mafuta yang'ae, na mikwaruzo ikajificha. Mimi hupendekeza gari lioshwe kwanza, kisha limulikwe kwa tochi usiku. Mikwaruzo itajitokeza kama utando wa buibui.

Halafu vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi na uipapase rangi iliyo safi na kavu. Ukihisi chembechembe, kuna uchafu ulioganda ambao sabuni haiutoi. Dawa yake ni udongo maalumu unaouzwa madukani kwa kazi hiyo. Huteleza juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni na kuung'oa uchafu. Kipande kikianguka chini, kitupe, maana mchanga ulioshika utachora gari zima.

Kuosha

Osha asubuhi mapema au baada ya alasiri, bati likiwa limepoa. Mwaga maji kwanza ili mchanga uondoke kabla ya kugusa. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Anza juu ushuke chini, kwa mikono iliyonyooka badala ya kuzungusha. Magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake. Kumbi la nazi lisiguse bodi kabisa.

Tumia shampuu ya magari. Sabuni ya unga na ile ya vyombo huondoa nta ya kinga.

Visima vingi vya kisiwani na ufuoni vina maji ya chumvi. Yakikauka juani huacha madoa meupe ambayo baadaye huzama kwenye kliya. Ukikosa maji matamu ya kutosha kuoshea gari zima, hifadhi mtungi mmoja wa lita 20 kwa suuzo la mwisho, kisha likaushe kwa taulo laini. Mara kwa mara, piga maji matamu chini ya gari pia.

Kinga

Rangi ya kiwandani huokwa, hivyo inaweza kupakwa nta mara moja. Iliyopigwa gereji ni tofauti. Muulize fundi ikauke muda gani, maana mara nyingi huhitaji wiki kadhaa. Nta ya kawaida kwa joto letu hudumu wiki chache hadi miezi miwili. Nta za kutengenezwa viwandani hukaa zaidi. Seramiki hudumu miaka ikipakwa vizuri, lakini haizuii changarawe wala haiondoi haja ya kuosha, na mikwaruzo iliyopo hufungiwa ndani yake. Kinachozuia changarawe ni utando wa plastiki unaobandikwa kwenye boneti na bampa, na bei yake ni ya juu. Kwa gari la kawaida, nta kila baada ya miezi miwili inatosha. Maji yakiacha kujikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, muda wa kupaka umefika.

Changarawe ikichubua hadi bati, paka rangi ya kugusia mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa chumvi yetu kutu haingoji.

Na vijana wanaotuoshea magari tusiwalaumu. Wengi hutumia ndoo moja kwa magari kumi kwa sababu maji hununuliwa na malipo ni madogo. Mwambie, "Mwanangu, nibadilishie maji, na kitambaa ni hiki changu," kisha umwongeze kidogo. Yeye atapata riziki yake, nawe utaokoa gharama ya kupaka gari zima.