Gari la Kukodi na Mpaka wa 1977

Mtalii anapokabidhiwa ufunguo wa gari la kukodi katika nchi ya kigeni, huhisi kwamba amenunua uhuru: atasimama apendapo na kulala popote jua litakapomchwea. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha mahali uhuru huo unapokomea. Gari lina namba za usajili, namba hizo zina nchi, na nchi zina ugomvi wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mgeni kutoka Ulaya aliyetaka kuiona Serengeti hakuwa na haja ya kukanyaga Dar es Salaam. Alitua Nairobi, akakodi gari huko, akavuka Namanga hadi Arusha, akapanda Ngorongoro, kisha akaikatiza Serengeti na kurejea Kenya kupitia Bologonja na Maasai Mara. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, iliurahisisha mzunguko huo. Lakini gari, dereva, na kitanda cha usiku wa kwanza na wa mwisho, vyote vililipiwa Nairobi. Tanzania iliambulia viingilio vya hifadhi, malazi ya siku chache na gharama za kulinda wanyama.

Watunga sera waliokuwa katika ofisi za katikati ya jiji la Dar es Salaam waliliona jambo hilo kuwa si haki, na walikuwa na hoja. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ulikusudiwa kuwashusha wageni moja kwa moja kwenye ardhi ya Tanzania. Mwenye kutaka kuielewa fikra ya wakati ule na aitazame Kariakoo. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuwekwa chini ya shirika la umma, lilikuwa itikadi iliyomiminwa katika zege: biashara ya wananchi ipangwe, ikusanywe chini ya paa moja, isimamiwe na dola. Serikali iliyoona ni wajibu wake kusimamia hata biashara ya nazi na ndizi isingeridhika kuona utalii wake ukiendeshwa kutoka mji mkuu wa jirani.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Mapema Februari, siku zilezile TANU na ASP zilipokuwa zikiungana kuzaa CCM, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo zenye usajili wa Kenya zilizokutwa ndani ya Tanzania zilizuiliwa. Likizo ya mtu ikageuka kuwa shauri la mataifa.

Je, kufuli lile lilileta kilichotarajiwa? Kenya iliendelea kuuza Maasai Mara na fukwe za Mombasa. Tanzania, kwa upande wake, iliingia katika vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha ikakabwa na uhaba wa mafuta na fedha za kigeni. Mgeni aliyeshuka Dar es Salaam miaka ile aliingia katika nchi iliyokosa mipira ya magari na vipuri, sembuse magari ya kukodisha kwa starehe. Malalamiko yalikuwa ya haki. Dawa ndiyo iliyokosea ugonjwa. Kufunga njia ya jirani hakukujenga gereji, hakukuleta basi dogo hata moja, wala hakukufundisha dereva lugha ya wageni.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, viongozi wa nchi tatu walipokubaliana mjini Arusha. Hata hivyo makovu yalibaki. Makubaliano ya mwaka 1985 kati ya Kenya na Tanzania yaliweka masharti kwa magari ya makampuni ya utalii, hata watalii wakawa wanashushwa na kubadilishiwa magari mpakani. Bologonja haijarudi kuwa njia ya watalii. Mwishoni mwa mwaka 2014 Kenya iliyazuia magari ya utalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways. Ilibidi marais Kikwete na Kenyatta wakutane Namibia, Machi 2015, ndipo pande zote mbili zilegeze.

Leo mfanyabiashara kutoka Zambia au Kongo hununua bidhaa Kariakoo, na lori lililobeba mzigo wake huvuka mpaka hadi kwao. Basi la abiria hutoka Dar es Salaam likafika Nairobi kwa namba zake zilezile. Gari la watalii ndilo lingali likisimama Namanga. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 inazungumza juu ya shirikisho la kisiasa. Ingeweza kuanza na jambo dogo zaidi: kuwawezesha Watanzania kumiliki magari na makampuni yanayoweza kushindana na Nairobi, kisha kumwacha mgeni, na hata Mtanzania anayekwenda kuiona Mombasa, aendeshe gari moja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.