Safu ya Lugha: Shifta

Neno hili limetoka Uhabeshi, lenye maana ya jambazi wa porini, pengine muasi. Serikali ya Kenya ilishika maana ya jambazi, ikaiacha ya muasi. Mwishoni mwa 1963 ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, na waliotaka kuungana na Somalia wakaitwa mashifta. Muasi ana dai la kujibiwa. Jambazi ni wa kusakwa tu. Vita kati yao na serikali vilikwisha 1967, hali ya hatari ikadumu hadi 1991, na sheria ya 1970 ikawakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda vitani.

Leo linalotajwa ni gaidi, ambalo zamani lilimaanisha mnyang'anyi. Waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, jina hilo liliwafaa. Lakini Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 hupima kitendo na lengo lake, kama kutia umma hofu au kuishurutisha serikali. Haipimi kabila wala kijiji. Wengi walibandikwa ushifta kwa asili yao. Ugaidi na uthibitishwe mahakamani.