Blauzi ya Bobby

Mwaka 1973 Raj Kapoor alitoa Bobby, filamu ya Kihindi iliyowapagawisha vijana wa pwani yetu. Wakazi wa Nguvumali, Tanga, walishuka mjini, kwenye sinema kama Majestic, kumtazama Dimple Kapadia: sketi fupi na blauzi ya vidotidoti, ncha zake zimefungwa fundo juu ya kitovu. Kisha bikini! Na hapo vimini vilikwishapigwa marufuku na Umoja wa Vijana wa TANU tangu Januari 1, 1969. Lakini kuuiga mtindo ule hakukuhitaji duka la anasa. Kitambaa, fundi na cherehani vilitosha. Ujasiri wa mavazi ya enzi hizo nao ni urithi wa Tanga. Picha za mavazi hayo zilizomo kwenye albamu zenu msizitupe.